Wametupa angani, paa limetoboka!

Miaka ile nilipokuwa nimepanga chumba cha chini kwenye ghorofa moja la Kariakoo, tulikuwa na jirani ghorofa ya tatu ambaye hakuwa na urafiki na ngazi. Kila kilichomchosha kilipitia dirishani. Maganda ya machungwa, maji ya kusuuzia sufuria, viatu vilivyokata soli, vyote tulivipokea sisi wa chini. Jumapili moja, akina mama wakiwa uani wanafua, ikashuka pasi ya mkaa! Ikatua kwenye beseni langu la nguo, likapasuka vipande viwili. Mtoto wa chumba cha jirani alikuwa ametoka hapo hapo, alikuwa akichezea povu kwenye beseni hilo hilo. Mama yake alimwita kunywa uji, ndiyo pona yake.

Tukapanda juu tukiwa tumefura kwa hasira. Jamaa kafungua mlango, kajifunga msuli, anachokonoa meno. Akatujibu kwa upole kabisa: "Jamani, mimi nimetupa pasi. Sikumtupia mtu."

Mpenzi msomaji, jibu lile sijalisahau mpaka leo. Na lilinirudia kichwani nilipopata kisa cha nyumba moja ya huko Naples, jimbo la Florida, Marekani. Huko nako kilishuka kitu kutoka juu. Ila "juu" yao siyo ghorofa ya tatu. Ni kilometa 400 na ushee, kwenye kituo cha anga za juu, ambako wenye navyo huachia vyombo walivyovichoka viende vitakakokwenda. Nao hawakumtupia mtu. Walitupa tu.

Sasa kaa kitako nikupe mkasa wenyewe, maana sisi wote tunaishi uani.

BETRI CHAKAVU

Kituo hicho kinamilikiwa kwa ushirika na Marekani, Urusi, Japani, Kanada na nchi za Ulaya. Umeme wake unatoka kwenye jua. Kikipita upande wa dunia ulio gizani kinategemea betri, kama nyumba yoyote ya kijijini yenye sola. Na betri, kama unavyojua, huchoka. Zile za zamani zilikuwa za nikeli na haidrojeni. Kuanzia mwaka 2017 wakaanza kuzitoa na kuweka za lithiamu, ukoo mmoja na hii iliyomo kwenye simu yako.

Mpango wa kutupa ulikuwa wa kistaarabu. Meli ya mizigo ya Wajapani ilikuwa ikipeleka betri mpya zikiwa zimefungwa kwenye paleti, kama ile ya kupangia mifuko ya saruji ghalani, ila hii kubwa na ya bei mbaya. Betri chakavu zinafungwa kwenye paleti hiyo hiyo, zinarudishwa ndani ya meli, kisha meli inateremshwa kwa kuongozwa ili iungue juu ya bahari isiyo na watu. Kwa maneno mengine, gari la taka lilikuwepo.

Balaa likaanza Oktoba 2018. Roketi ya Kirusi aina ya Soyuz, ikiwa na wanaanga wawili, ilipata hitilafu dakika chache tu baada ya kuruka. Jamaa wakashuka salama, Mungu mkubwa, lakini ratiba ya kutoka nje ya kituo kubadili betri ikavurugika. Meli ya Wajapani ikaondoka bila paleti yake. Iliyofuata ikabeba paleti ya mwenzake, ikaacha ya kwake. Ikawa kama daladala za usiku, kila gari linamzoa aliyeachwa na gari lililotangulia.

Mwaka 2020 ikafika HTV-9, ya mwisho katika aina ile ya meli. Nayo ikazoa paleti iliyoikuta, ikaondoka zake. Paleti iliyokuja nayo ikabaki imening'inia kituoni na betri tisa chakavu mgongoni. Gari la taka hakuna tena!

Unafanyaje? Walifanya alichofanya jirani yangu. Tarehe 11 Machi 2021, mkono wa mashine wa kituo, mrefu kama winchi ya bandarini, uliishika paleti, ukaisogeza pembeni, ukaiachia. Uzito wake ulikuwa zaidi ya kilo 2,600. Kutoka kituo kile hakijapata kutupwa kitu kizito kuliko hicho. NASA, shirika la anga la Marekani, wakasema itazunguka miaka miwili mpaka minne, halafu itaungua angani bila kumdhuru mtu.

Na usifikiri ilikuwa mara ya kwanza kutupa. Februari 2006 waliachia suti chakavu ya mwanaanga, wameijaza nguo kuukuu na redio ndani yake, ikawa inatangaza huku inazunguka dunia. Julai 2007 mwanaanga mmoja alisukuma kwa mikono yake tangi la amonia la kilo zaidi ya 600. Huko juu kila kitu kinaelea, hata tani utaisukuma. Tangi lile lilikuja kushuka Novemba 2008 upande wa bahari ya kusini, hakuna aliyeumia.

DAR HADI DODOMA

Najua kuna msomaji anajiuliza: kitu kikishatupwa angani si kimekwenda zake? Kinarudi kufanya nini?

Hapo ndipo penye ujanja wa maneno. Kutupa kutoka kule siyo kuondoa. Paleti ile ilipoachiwa ilikuwa tayari inakimbia kwa kasi ya kilometa kama 28,000 kwa saa, sawasawa na kituo chenyewe, na ikaendelea kuizunguka dunia kila dakika 90 hivi. Lakini kule juu bado kuna hewa kidogo, nyepesi mno. Hewa hiyo inaisugua na kuipunguza mwendo, inashuka kidogo kidogo, mpaka siku inagonga hewa nzito na kuanza kuwaka.

Siku gani? Saa ngapi? Wapi? Hakuna awezaye kukutajia kwa uhakika, kwa sababu paleti haina injini wala usukani, na hewa ya kule juu hutanuka na kusinyaa kufuatana na hali ya jua. Piga hesabu na mimi. Kitu hicho kinakwenda karibu kilometa 460 kwa dakika moja. Ukikosea dakika moja tu katika utabiri wako, umekosea kama safari ya basi kutoka Dar hadi Dodoma. Ukikosea nusu saa, umekosea mabara.

Na ndivyo ilivyotokea. Mapema Machi 2024 idara ya kulinda raia ya Ujerumani iliwatahadharisha wananchi kwamba paleti inakaribia kuanguka na itapita juu ya nchi yao. Wajerumani wakaangalia juu. Mchana wa tarehe 8 Machi ikaingia kwenye hewa nzito upande wa Ghuba ya Meksiko, ng'ambo kabisa ya Atlantiki!

Dakika chache baadaye, nyumba ile ya Naples ikapigwa. Mwenye nyumba alikuwa safarini nje ya nchi. Kijana wake wa miaka 19 alikuwa ndani, vyumba viwili tu kutoka pale. Kitu kikatoboa paa, kikatoboa na sakafu. Kamera ya nyumba hiyo ikanasa mshindo. Mwenye nyumba aliporudi akakuta pande la chuma lenye umbo la silinda, limeungua upande mmoja.

Tarehe 15 Aprili 2024 NASA wakathibitisha: ni chao. Kilikuwa kiguzo cha kushikilia betri kwenye paleti. Urefu sentimeta 10, unene sentimeta 4, uzito robo tatu ya kilo, haifiki. Kati ya zaidi ya kilo 2,600 zilizotupwa, hicho kidogo ndicho kilichojulikana kimetua kwenye dari la mtu.

KWA NINI HAKIKUUNGUA?

Jibu limo jikoni kwako. Sufuria ya alumini ukiisahau kwenye moto mkali itayeyuka, maana alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 660. Kiguzo kile kilitengenezwa kwa Inconel, mchanganyiko wa madini unaotumika kwenye injini za ndege kwa sababu hauogopi moto. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,300 hivi. Chuma cha pua nacho ni kigumu, na titani ndiyo usiseme. Vitu hivyo fundi anavichagua makusudi, kwa sababu angani vinahitajika vidumu. Sifa ile ile iliyofanya kinunuliwe ndiyo inayofanya kifike chini kizima.

NASA wenyewe walisema walitegemea chote kiungue, wakaahidi kuangalia upya hesabu zao. Kukiri ni uungwana. Lakini mimi mlalahoi niliyepasuliwa beseni najiuliza: hesabu ikikosewa, anayelipa ni nani?

DENI LA NANI?

Tangu mwaka 1972 kuna mkataba wa kimataifa unaosema kwamba nchi iliyorusha chombo angani itawajibika kwa madhara chombo hicho kitakayoleta ardhini, bila mjadala wa uzembe wa nani. Umefanya kazi. Januari 1978 setilaiti ya Warusi, Kosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia, ilianguka kaskazini mwa Kanada na kumwaga mabaki yenye mionzi kwenye theluji. Kanada wakadai kama dola milioni sita za kwao. Mwaka 1981 Warusi wakakubali kutoa milioni tatu. Nusu ya bili!

Lakini mkataba huo ni wa nchi kwa nchi. Raia wa Marekani hawezi kuutumia kuidai serikali yake mwenyewe. Ingekuwa kiguzo kimetua Cuba, hapo karibu kabisa, njia ya kudai ingekuwa nyeupe. Kimetua Florida, basi familia ile ikabidi iwatafute mawakili na mwaka 2024 ikawasilisha madai ya zaidi ya dola 80,000 kwa NASA. Ukiwa jirani unalipwa kwa mkataba, ukiwa wa nyumbani unaambiwa andika barua!

Na wengine hawaambulii hata hiyo. Julai 1979 kituo cha Marekani kilichoitwa Skylab, tani zaidi ya 70, kilianguka, vipande vikatapakaa Australia Magharibi. Halmashauri ya mji wa Esperance ikawaandikia Wamarekani faini ya dola 400 kwa kosa la kutupa taka ovyo. Ulikuwa utani wenye ukweli ndani yake. Faini ile ilikaa miaka 30 bila kulipwa, mpaka mwaka 2009 mtangazaji mmoja wa redio wa Kimarekani alipochangisha wasikilizaji wake wakailipa. Ama kweli, deni la mkubwa hulipwa na mpita njia.

NA KWETU?

Usije ukasema haya ni mambo ya Ughaibuni. Njia ya kituo kile imelala hivi kwamba kinapita juu ya nchi zote kuanzia nyuzi 51 na nusu kaskazini hadi nyuzi 51 na nusu kusini. Naples imo. Temeke imo, Mombasa imo, Bujumbura imo. Kinachotupwa kule kinafuata njia hiyo hiyo.

Wenzetu wa Kenya wameshaonja, ingawa chao hakikutoka kituoni. Tarehe 30 Desemba 2024, saa tisa alasiri, kijiji cha Mukuku kaunti ya Makueni kilishukiwa na pete la chuma lenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo kama 500. Watu wanajiandaa na mwaka mpya, mbingu inawashushia pete! Shirika la anga la Kenya likafika, likalichukua, likasema kwa uchunguzi wa awali ni pete la kutenganishia sehemu za roketi. Hakuna aliyeumia. Lakini nusu tani, ndugu yangu, ikitua juu ya banda la shule hatuzungumzi lugha hii. Mei 2020 pia, baada ya roketi kubwa ya Wachina kuanguka bila kuongozwa, wanakijiji wa Ivory Coast waliokota bomba refu linaloaminika kuwa lilitoka humo.

Mukuku hawajarusha roketi yoyote. Ila vyombo vikishachakaa, zamu ya kupokea haichagui.

Nisikutie hofu ya bure. Nafasi ya wewe msomaji kugongwa ni ndogo sana. Mtu anayejulikana kuwa aliguswa na taka ya angani ni mama mmoja wa mji wa Tulsa, Marekani. Mwaka 1997 alikuwa anatembea zake, kipande chepesi cha roketi kikamgusa begani, akaendelea na safari. Wataalamu wamejiwekea kanuni kwamba chombo kimoja kikishuka, uwezekano wa kumdhuru mtu usizidi mmoja kati ya 10,000.

Sikiliza basi. Mmoja kati ya 10,000 ni kwa kila chombo. Siku hizi huko juu setilaiti zinahesabiwa kwa maelfu, na kila moja ina siku yake ya kushuka. Kila mmoja wa ghorofani akisema "mimi natupa pasi moja tu", uani hapakaliki.

NGAZI ZIPO

Kinachoniuma ni kwamba ngazi zipo. Machi 2001 Warusi waliteremsha kituo chao cha Mir, zaidi ya tani 120, kwa kuwasha injini kwa mahesabu, kikaangukia Pasifiki ya Kusini. Pana sehemu ya bahari hiyo iliyo mbali na nchi kavu kwa kilometa kama 2,700, wameifanya makaburi ya vyombo. Kampuni moja ya vyakula ya Marekani iliweka hata shabaha majini, ikaahidi kuwalisha Wamarekani bure Mir ikiipiga. Haikuipiga. Kampuni ikapona, na dunia ikapona.

Na kituo hiki cha sasa chenye tani zaidi ya 400 wameshakipangia mazishi. Juni 2024 NASA waliipa kampuni ya SpaceX kazi ya kutengeneza chombo cha kukisukuma hadi baharini baada ya mwaka 2030, kwa mkataba unaoweza kufika dola milioni 843. Umeona gharama ya kutumia ngazi? Na ndiyo maana wengine wanapitia dirishani. Mafuta ya kushukia yana bei. Kutengeneza vifaa vinavyoungua kabisa kuna bei. Ukiacha kulipa bei hiyo haifutiki, unakuwa umemhamishia mtu wa chini, tena bila kumuuliza.

Ushauri wangu kwako ni mmoja. Ukikuta chuma cha ajabu kimetua shambani, usikiguse, na usikikimbize kwa wanunuzi wa vyuma chakavu hata kama ni kilo 500. Matangi ya vyombo hivyo huweza kuwa na haidrazini, mafuta yenye sumu kali. Zuia watoto, piga picha kwa mbali, toa taarifa polisi. Na kwa mkataba wa mwaka 1967, kitu hicho bado ni mali ya nchi iliyokirusha. Ndiyo, kimekuangukia wewe lakini ni chao. Basi wachukue na bili.

Jirani yangu? Wapangaji tulikaa kikao jioni ile ile. Pasi tukairudisha mlangoni kwake, akalipa beseni, na mzee wa nyumba akamwambia mbele yetu: "Kijana, usipomwona mtu uani, haina maana hayupo." Toka siku hiyo akawa anashuka na ndoo yake ya taka, ghorofa tatu, kila asubuhi, analalamika magoti yanauma.

Tulimpa pole. Lakini beseni la pili lilidumu miaka.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.